Jino moja, mifereji minne: kwa nini gego lako halifanani na la jirani

Watu wawili wanatibiwa gego la chini, upande uleule, kwa tatizo lilelile: limetoboka na linauma usiku kucha. Mmoja anamaliza matibabu ya mzizi kwa siku moja. Mwenzake anaitwa mara tatu, anapigwa eksirei kila anaporudi, kisha anaambiwa umeonekana mfereji mwingine ambao haukutarajiwa na bei imepanda. Wakikutana msibani au kwenye foleni ya benki, hukumu inatolewa hapohapo: huyo daktari wa pili ama hajui kazi ama anatafuta hela.

Wapo madaktari wasiojua kazi, na wapo wanaopandisha bei bila sababu. Sitawatetea. Lakini mara nyingi tofauti iko ndani ya taya la mgonjwa. Idadi ya mizizi na mifereji ya jino haiko sawa kwa kila binadamu. Magego ya watu wawili yanaweza kufanana kabisa kwa juu, na chini ya ufizi yakawa vitu viwili visivyohusiana. Asiyelijua hili hujiona ameibiwa, akakata tamaa katikati ya matibabu, na jino lililofunguliwa likaachwa njiani kwa kawaida huishia kwenye koleo. Hiyo ndiyo hasara ninayotaka watu waiepuke.

Mzizi si mfereji

Tuanze na majina, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Sehemu ya jino unayoiona kwenye kioo huitwa taji. Imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jino, na katikati ya dentini kuna uwazi wenye nyama laini iliyojaa neva na mishipa ya damu. Nyama hiyo ni kiini cha jino, ile ambayo wengi huiita "mshipa". Sehemu iliyozama ndani ya mfupa wa taya ndiyo mzizi. Ndani ya mzizi kiini kinateremka kwa njia nyembamba hadi nchani, ambako kuna kitundu kinachopitisha neva na damu. Njia hiyo nyembamba ndiyo mfereji.

Kwa hiyo mzizi ni kile kigumu kinacholishikilia jino kwenye taya, na mfereji ni uwazi ulio ndani yake. Mzizi mmoja unaweza kuwa na mfereji mmoja au miwili, mara chache hata mitatu. Mtu anayeuliza "gego langu lina mizizi mitatu, mbona nimetozwa mifereji minne?" amechanganya vitu viwili, na wala si kosa lake, ni nadra mtu kuelezwa hili akiwa bado kitini.

Katika matibabu ya mzizi, ambayo wengine huyaita ruti kanali na wengine kuua mshipa, kinachotibiwa hasa ni mifereji. Daktari anatoboa taji, anaondoa kiini kilichougua au kilichokufa, anakwangua kuta za kila mfereji kwa vijitupa vyembamba vya chuma, anausafisha kwa dawa ya kuua vijidudu, halafu anauziba usibaki wazi. Kinachotumika sana kuzibia ni gataperka, utomvu wa miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Ni utomvu uleule uliofunikia nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari katika karne ya 19, ule waya uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879 ukiwa mmojawapo. Ulichaguliwa kwa kazi zote mbili kwa sababu hauruhusu maji kupenya.

Hesabu ya kawaida, na inapovunjika

Mtu mzima ambaye meno yake yote yameota ana meno 32. Meno ya mbele ya juu ndiyo mepesi kutibu: karibu kila mara mzizi mmoja, mfereji mmoja, na njia imenyooka. Chonge la juu nalo ni hivyohivyo, ila mzizi wake ni mrefu kuliko wa jino lolote jingine.

Ukishuka kwenye meno ya mbele ya chini, mambo yanaanza kubadilika. Hayo ndiyo meno madogo kuliko yote ya mtu mzima, na kwa nje yana mzizi mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1974 ulikuta kwamba takriban manne kati ya kila kumi yana mifereji miwili ndani, ingawa mingi huungana kabla ya kufika nchani. Daktari akiridhika na mfereji wa kwanza aliouona, wa pili unabaki na uchafu wake.

Kisha kuna magego madogo, yale mawili yanayofuata chonge kila upande. La kwanza la juu mara nyingi lina mizizi miwili, lakini watu wengi tu wana mmoja, na wachache wana mitatu. La kwanza la chini huandikwa vitabuni kuwa na mzizi mmoja na mfereji mmoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Mfereji wake unaweza kuanza ukiwa mmoja, mpana na wazi, halafu ukagawanyika chini kabisa ambako jicho halifiki. Kwa maoni yangu hakuna jino linalodanganya watu kuliko hili.

Gego kubwa la kwanza la chini lina mizizi miwili na mifereji mitatu kwa kawaida, na wa nne si ajabu. Mwenzake wa juu ana mizizi mitatu: miwili upande wa shavu, mmoja upande wa kaakaa. Vizazi vya wanafunzi vilifundishwa kwamba mizizi mitatu ni mifereji mitatu, basi. Mwaka 1969 Franklin Weine na wenzake nchini Marekani walipasua ule mzizi wa mbele wa upande wa shavu kwenye magego mengi yaliyong'olewa, wakakuta zaidi ya nusu yana mfereji wa pili ndani ya mzizi huohuo. Madaktari walipoanza kutumia hadubini mdomoni, waliuona mara nyingi zaidi. Mfereji huo ulikuwepo siku zote, lakini mdomo wake ni mdogo kuliko kichwa cha pini na mara nyingi umefunikwa na kipande cha dentini.

Ndiyo maana mtu akiambiwa gego lake la juu lina mfereji wa nne, haambiwi habari ya ajabu. Ajabu ni daktari asiyeutafuta.

Walivyougundua ukweli wa ndani

Mfereji hauonekani kwa kuliangalia jino, hata likiwa mkononi. Walter Hess wa Zurich, Uswisi, alichapisha mwaka 1917 matokeo ya njia aliyoitumia kuutoa hadharani. Alichukua meno yaliyong'olewa, akajaza mpira laini kwenye mifereji, akaukausha kwa joto mpaka ukawa mgumu, halafu akaliyeyusha jino lenyewe kwa asidi. Kilichobaki ni umbo la uwazi uliokuwa ndani. Alifanya hivyo kwa meno zaidi ya 2,000.

Anayeifahamu delta ya Rufiji atakielewa haraka alichokiona Hess. Mto unatoka bara ukiwa mmoja, mpana, na mtu anaweza kuamini utaingia baharini hivyohivyo. Ukikaribia Bahari ya Hindi unagawanyika. Tawi moja linazunguka kisiwa cha mikoko na kuungana tena na lile lililoachana nalo, jingine linaenda kivyake mpaka baharini, na katikati yao kuna vijito vinavyoyaunganisha ambavyo kwenye ramani ndogo havionekani kabisa. Mifereji ya jino inafanya hayo yote ndani ya milimita chache. Mmoja unakuwa miwili na kurudi kuwa mmoja. Miwili inashuka sambamba ikiunganishwa na mwanya mwembamba. Vijitawi vinachomoza kando ya mzizi, na vingi viko kwenye milimita tatu za mwisho kabla ya ncha. Hata kile kitundu cha kutokea mara nyingi hakipo nchani kabisa, kipo pembeni kidogo.

Mwaka 1984 Frank Vertucci wa Florida alichapisha uchunguzi wa meno 2,400 aliyoyafanya yaangaze kwa kemikali na kuyatia rangi kwenye mifereji, akapanga alichokiona katika aina nane. Aina ya kwanza ni mfereji mmoja kutoka juu hadi chini. Aina ya nane ni mifereji mitatu isiyokutana. Kati ya zile sita za katikati, moja ni mifereji miwili isiyokutana, na zilizobaki ni kuachana na kuungana kwa namna mbalimbali. Mpangilio huo bado unafundishwa, ingawa waliomfuata wamekuta maumbo ambayo hayaingii katika aina yoyote kati ya hizo.

Tofauti hizi zinatoka wapi

Mzizi hauanzi kuota mpaka taji liwe limekamilika. Hapo utando mwembamba wa seli, uliopewa jina la mwanasayansi Mjerumani Oscar Hertwig aliyeuelezea mwaka 1874, huanza kushuka kutoka ukingo wa taji ukiwa na umbo la duara. Kwenye meno ya mzizi mmoja duara hilo linashuka tu. Kwenye magego, kingo za duara hutoa ndimi zinazokua kuelekea katikati. Ndimi mbili zikikutana, duara moja limekuwa mawili, na mizizi itakuwa miwili. Zikikutana tatu, mizizi ni mitatu. Zikichelewa kukutana, mizizi inaanza kuachana chini sana. Zisipokutana upande mmoja, mizizi inabaki imeshikamana upande huo.

Hali hiyo ya mwisho ndiyo huzaa mfereji ambao ukikatwa katikati unafanana na herufi C. Ulielezwa kwenye maandiko ya udaktari wa meno mwaka 1979 na hupatikana zaidi kwenye gego kubwa la pili la chini. Nchini China na Korea umekutwa kwa watu takriban watatu hadi wanne kati ya kumi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ni wachache sana. Kuusafisha ni kazi ngumu, maana ni ukanda mmoja mwembamba uliopinda, wenye kona ambazo tupa haigusi.

Ndimi zikichelewa kukutana, sehemu ya juu ya uwazi inakuwa ndefu na mizizi inakuwa mifupi. Mskoti Arthur Keith aliyapa meno ya namna hiyo jina mwaka 1913, akiyalinganisha na ya ng'ombe, na yamejaa kwenye mabaki ya watu wa kale wa aina ya Neandertali yaliyofukuliwa Krapina, nchini Kroatia. Bado yapo hadi leo kwa watu wazima wa afya, na huonekana zaidi kwa wenye ugonjwa wa Down.

Kuna pia mzizi wa ziada wa gego kubwa la kwanza la chini, unaoota nyuma upande wa ulimi. Georg Carabelli wa Vienna aliuandika mwaka 1844. Kwa Waafrika na Wazungu ni wachache wenye nao, chini ya watano kati ya mia. Kwa baadhi ya jamii za Asia Mashariki na za ncha ya kaskazini ya dunia, ni zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Mtu mwenye nao upande wa kulia anaweza asiwe nao kushoto, kwa hiyo hata meno yako mwenyewe hayatoi ushahidi wa kuaminika kuhusu mengine.

Umri nao unabadilisha mambo. Mfereji wa kijana ni mpana. Dentini inaendelea kujengwa ndani maisha yote, kwa hiyo mfereji wa mzee wa miaka 70 unaweza kuwa mwembamba kama unywele, na kuna wakati hauonekani kwenye eksirei. Mzee huyo akitumia saa mbili kitini kwa jino ambalo mjukuu wake alitibiwa kwa dakika 40, si kwamba ameonewa.

Vitabu vya nani, midomo ya nani

Wastani uliozoeleka vitabuni ulitokana kwa sehemu kubwa na meno ya watu wa Ulaya na Marekani. Hilo lina madhara ya moja kwa moja kwetu. Mwaka 1986 Martin Trope na wenzake walilinganisha eksirei za wagonjwa weusi na weupe nchini Marekani, wakaangalia yale magego madogo ya chini niliyosema yanadanganya. Kwa weusi, takriban theluthi moja ya magego madogo ya kwanza ya chini yalikuwa na mfereji zaidi ya mmoja. Kwa weupe ilikuwa kama moja kati ya saba. Daktari aliyekariri kwamba jino hili lina mfereji mmoja, akimtibu mgonjwa wa Dodoma au Kisumu, anaanza kazi akiwa na matarajio ya watu wengine.

Afrika Mashariki haijakaa kimya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa magego makubwa ya juu ya Waganda, na miaka miwili baadaye wakachapisha wa magego ya chini, kwa kutumia njia ile ya kuyafanya meno yaangaze. Kazi za namna hii zinahitajika nyingi zaidi, kwa kila jino na kila eneo. Malighafi ipo. Kung'oa bado ndiyo tiba inayotolewa kuliko zote katika kliniki zetu nyingi, na meno hayo yakikusanywa kwa ridhaa ya wenyewe badala ya kuchomwa pamoja na taka za hospitali, yangetufundisha mengi.

Hata hivyo asilimia ni mwanzo tu. Haimwambii daktari kilichomo ndani ya jino la mtu aliyelala mbele yake.

Daktari anautafutaje mfereji uliojificha

Chombo cha kwanza ni eksirei, na eksirei ya kawaida ni kivuli bapa cha kitu chenye pande tatu. Mizizi miwili iliyosimama mmoja nyuma ya mwingine huonekana kama mmoja. Ndiyo sababu daktari makini hupiga picha ya pili akiwa ameisogeza mashine pembeni kidogo, ili vivuli viachane. Mgonjwa hudhani picha ya kwanza iliharibika. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi ile ya pili ndiyo inayoonyesha kilichofichwa na ya kwanza. Kuna dalili nyingine pia: mfereji unaoonekana vizuri juu halafu ukapotea ghafla katikati ya mzizi kwa kawaida umegawanyika hapo.

Jino likishafunguliwa, sakafu ya uwazi wake yenyewe ina maelezo. Mwaka 2004 Paul Krasner na Henry Rankow walichapisha walichokiona kwenye meno 500 yaliyokatwa: sakafu ina rangi ya giza kuliko kuta, na midomo ya mifereji iko pale sakafu inapokutana na ukuta. Anayeufuata mpaka huo kwa subira, akiwa na taa nzuri na kioo cha kukuza, huona mengi ambayo mwenye haraka hayaoni. Hadubini inasaidia zaidi. Eksirei ya pande tatu, iliyoingia kwenye huduma za meno mwishoni mwa miaka ya 1990, huonyesha mzizi kutoka kila upande, lakini mashine zake ziko katika miji michache na bei yake ni kubwa. Haihitajiki kwa kila jino. Inahitajika pale jino linapokataa kupona na picha za kawaida hazielezi sababu.

Mfereji ukisahaulika

Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini na kuyaacha wazi. Panya wa kawaida kiini kilioza na usaha ukakusanyika. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini walikula chakula kilekile, kikaingia kwenye matundu, lakini kiini chao kikaanza kujiponya na kujijengea ukuta mpya. Kutoboka peke yake hakukuwa na neno. Vijidudu ndivyo vilivyoharibu.

Kwa hiyo mfereji uliosahaulika ni makao yaliyobaki. Jino linaweza kutulia miezi au hata miaka, kisha likavimba tena, na mgonjwa akasema "ruti kanali haifanyi kazi". Kinachotakiwa mara nyingi ni kulifungua upya na kuutafuta mfereji uliobaki, au kuikata ncha ya mzizi kwa upasuaji mdogo, kama milimita tatu hivi, mahali ambapo vijitawi vingi vimejaa. Maumivu ya kugusana meno kwa siku chache baada ya matibabu ni ya kawaida. Uvimbe, kijipu kwenye ufizi kinachotoa usaha, au maumivu yanayorudi baada ya muda mrefu si ya kawaida.

Hapa niseme kuhusu amoksilini, kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza wengi wanayokimbilia dukani jino likiuma. Antibiotiki husafiri kwa damu. Kiini kikishakufa, damu haiingii tena kwenye mifereji, kwa hiyo dawa haifiki vijidudu vilipo. Inaweza kupunguza uvimbe ulioenea nje ya jino, na daktari huitoa kukiwa na homa au uso umevimba, lakini chanzo kinabaki palepale. Vilevile jino lililouma wiki nzima likanyamaza lenyewe halijapona. Mara nyingi kiini ndiyo kimekufa, na ugonjwa unaendelea kushuka kimyakimya kuelekea kwenye mfupa.

Yanayosemwa mitaani

Kwamba kung'oa jino la juu kunaharibu macho: hili ndilo ninalolisikia kuliko yote. Maumivu ya meno hubebwa na neva kubwa yenye matawi matatu, moja la paji na eneo la jicho, moja la taya la juu, moja la taya la chini. Neva ya kuona ni nyingine kabisa, inatoka nyuma ya jicho kwenda ubongoni na haiendi kwenye jino lolote. Imani hii ina chanzo chake. Mzizi wa chonge la juu ni mrefu, na ukioza usaha unaweza kupanda hadi chini ya jicho na kulifumba kabisa. Watu wameona jicho limefungwa, jino likang'olewa, wakaunganisha mambo. Hatari ya kweli iko kwa anayekaa na usaha huo kwa kuogopa kutibiwa, kwa sababu maambukizi, japo ni nadra, yanaweza kuingia nyuma ya jicho. Kitu ambacho mizizi ya magego ya juu hukaribiana nacho kweli ni uwazi wa hewa ulio pembeni ya pua. Gego likitolewa tundu linaweza kubaki, na maji unayosukutua yakatokea puani. Ukiona hivyo rudi kwa daktari mapema.

Kwamba meno ya utoto hayana mizizi: mzazi akiliokota jino la mtoto lililodondoka, ni kweli haoni mzizi. Ulikuwepo. Jino la ukubwani linapopanda, mwili huuyeyusha mzizi wa jino la utoto polepole mpaka likose pa kushikia. Magego ya utoto yana mizizi myembamba iliyotanuka, na chini yake, katikati ya mizizi hiyo, ndipo jino la ukubwani linapoumbwa. Usaha wa gego la utoto uko jirani kabisa na jino ambalo mtoto atalitumia maisha yake yote. "Liache, litang'oka lenyewe" ni ushauri mbaya.

Na kuna lililo baya kuliko yote, meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa au anaharisha, bibi au mganga anaona ufizi wake umevimba mahali pa chonge, anauchimba kwa chombo kisicho safi na kutoa kitu cheupe laini. Kitu hicho ni jino lenyewe la utoto ambalo halijakomaa, lisilo na mzizi kwa sababu mzizi wake bado haujaanza kuota. Mtoto anaweza kufa kwa kutoka damu au kwa maambukizi, na chonge lake la ukubwani likaota limeharibika au lisiote kabisa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya.

Kuhusu ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba matibabu ya mzizi yanaleta saratani: asili yake ni fikra iliyoshika kasi baada ya hotuba ya daktari Mwingereza William Hunter huko Montreal mwaka 1910, kwamba meno yaliyotibiwa hutia sumu mwili mzima. Watu wengi waling'olewa meno yasiyo na tatizo kwa sababu hiyo. Tafiti za baadaye hazikuiunga mkono, na hakuna ushahidi kwamba matibabu haya yanasababisha saratani.

Maswali ya kumuuliza daktari

Muulize kabla hajaanza: hili jino kwa kawaida lina mifereji mingapi, na bei uliyonitajia ni ya jino zima au ya kila mfereji? Kliniki nyingine hutoza kwa jino, nyingine kwa mfereji, na ugomvi mwingi wa malipo ungekwisha hapo. Akimaliza, muulize amepata mifereji mingapi na uombe kuiona picha ya mwisho. Kwenye picha hiyo kila mfereji uliojazwa unaonekana kama mstari mweupe unaofika karibu na ncha ya mzizi. Iombe kwenye simu yako uitunze, kwa sababu daktari mwingine akija kulitibu jino hilo baada ya miaka mitano, hiyo ndiyo atakayoihitaji kwanza.

Ukiwa na mtoto wa miaka sita au saba, mwangalie nyuma kabisa mdomoni. Gego kubwa la kwanza la ukubwani huota hapo bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Mzizi wake unaendelea kujengwa mpaka mtoto afike miaka tisa au kumi. Likioza kabla ya hapo, ncha bado iko wazi na kuta ni nyembamba, na matibabu yake yanakuwa magumu kuliko ya mtu mzima. Mpeleke likiwa na doa tu.

Na baada ya mifereji kuzibwa, usiondoke kabla ya kujua ni lini utawekewa kizibo cha kudumu au kofia ya jino. Kizibo cha muda hukaa wiki chache tu. Kikianza kuvuja, mate na vijidudu hurudi kwenye mifereji iliyokwisha kusafishwa, na kazi yote inaanza upya.